Sumaku ya Fundi

Shemeji yangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Jioni huburuta sumaku sakafuni kukusanya vumbi la chuma. Halimtoroki hata kidogo. Nyundo yake sasa, jamani, humpotea kila siku.

Mke wake ni dada yangu. Alipata saratani ya ngozi mguuni. Hospitali ikampokea katika tiba ambayo bado inajaribiwa. Daktari alimdunga chembe za chuma ndani ya uvimbe, ndogo mno, hazionekani kwa macho. Kesho yake tukarudi kwa hatua ya pili.

Muuguzi alifunua mguu. Lahaula! Sumaku ya karakana ilikuwa imefungwa kwa kitambaa juu ya goti.

"Nani kafunga hii?"

"Mimi," shemeji akasema. "Nilitaka chembe zisitawanyike."

Muuguzi aliifungua haraka, akaipeleka nje.

"Fundi, sikiliza. Mashine yetu ina sumaku ya aina yake. Inazipasha chembe joto. Seli za saratani zinakufa, na askari wa mwili, yaani kinga yake, wanamtambua adui. Dawa tunayompa mshipani inawaongezea nguvu. Lakini chembe zikivutwa pembeni, joto litaunguza nyama isiyo na ugonjwa."

Shemeji akakaa chini. "Nimemuua mke wangu?"

"Hapana. Tutampiga picha kwanza. Ila siku nyingine uliza kabla ya kufanya."

Tulisubiri kwenye benchi. Mimi na shemeji hutaniana kutwa, lakini siku hiyo tuliutazama tu mlango wa chumba cha picha. Niliogopa sana.

Picha ilionyesha chembe ziko palepale. Tiba ikaendelea.

"Sasa mimi nisaidie nini?" shemeji akauliza.

"Akipata homa, akiharisha au akibanwa na pumzi, mlete mara moja," muuguzi akajibu. " Askari wakizidi ukali, hushambulia hata mwili wenyewe."

Siku chache baadaye dada akashikwa na homa.

"Itapoa tu, mume wangu."

"Haipoi hapa. Twende!"

Shemeji alimbeba hadi hospitali, yeye mwenyewe akiwa bado na aproni ya kazi. "Umewahi," muuguzi akamwambia. Dada akatibiwa, homa ikashuka.

Sasa uvimbe umepungua. Daktari anasema ni mapema kusema amepona. Lakini dada hutembea mwenyewe hadi karakana, na kukaa kumtazama mumewe. Chembe bado zimo mguuni, kwa hiyo sumaku imehamia kwa jirani. Shemeji anafagia kwa ufagio. Vumbi la chuma linamtoroka, wala hajali.