Kitambaa Juu ya Kioo

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashamba ya pamba, nje kidogo ya Multan, Zawar, fundi wa runinga, alipoegesha pikipiki yake nyumbani kwa Malik Ghazanfar. Binti wa Malik alikuwa anaolewa kesho. Kamera mbili, runinga mbili, kisanduku kimoja cha kugawa picha chini ya ngazi. Kamera ya ukumbi wa wanaume ipelekwe kwa wanawake, wamwone bwana harusi. Ya wanawake ipelekwe chumba cha juu tu, kwa mama mzazi wa Malik, kikongwe aliyepooza miguu.

"Waya wa wanawake unapimwa kwa masikio, si kwa macho," Malik alisema. "Unajua?"

"Najua, Bwana Malik. Nafunika kioo changu cha kupimia picha kwa kitambaa. Bibi akisema picha imefika, nafunga kisanduku."

"Apa."

Akaapa, kwa jina la Mola.

"Ukichungulia, macho yako nitayatoa kwa bisibisi yako mwenyewe. Nyie mafundi ni mbwa wa buchani."

Zawar akameza tusi lile. Nyumbani alikuwa na Mehnaz, mke wa miezi saba, na kila alichovumilia mchana alikivumilia ili jioni amkute akicheka jikoni.

Akachomeka nyaya. Akafunika kioo chake kidogo cha kupimia. Zikaja sauti za bangili, ngoma, wasichana wakipakana hina.

"Imefika, Bibi?"

"Imefika, mwanangu," sauti ikashuka kutoka juu. "Funga sasa."

Angefunga. Mola amsamehe, nasi atusamehe, maana wengi wetu tungefanya alichofanya.

Vicheko vilikatika. Mwanamke mmoja akaanza kuimba, taratibu... karibu mno, kama aliyebana mdomo kwenye kipaza sauti. Pakanuka maji ya kisima yaliyolala.

Zawar akainua ncha ya kitambaa.

Kidogo tu.

Wasichana walikuwa bado wanacheka. Katikati yao ameketi mmoja, kichwa wazi, nywele zinachuruzika maji. Hakuna aliyemjali. Yeye alitazama kamera.

Hapana.

Alimtazama Zawar.

Akahamia kamera ya wanaume. Yumo. Amekaa kati ya wazee wanaovuta buruma, kiko cha maji, nao hawamwoni. Akabonyeza kitufe cha tundu la tatu la kisanduku, lisilo na waya wowote.

Likaja jiko lake mwenyewe. Mehnaz anasukuma chapati. Nyuma yake...

Akapiga simu. "Mehnaz! Uko na nani?"

"Si huyu mgeni uliyemtuma? Maskini, kalowa chapachapa. Nimempa taulo."

Simu ikafa.

"Umefunua!" Bibi alifoka juu, kisha akashusha sauti. "Umemwona Shireen. Mke wa kwanza wa mwanangu Malik. Mwashi aliyekuwa juu ya paa alimwona uso, na mwanangu akamwambia mkewe: aliyekuona ndiye mumeo, mfuate. Jioni ile tulimtoa Shireen kisimani."

"Alijitupa, Bibi, au..."



"Nenda kwako," kikongwe akanong'ona. "Mumewe sasa ni wewe."

Aliendesha pikipiki akisoma kila aya aliyoikumbuka. Nyumba ilinuka chapati zilizoungua. Mehnaz alikuwa peke yake, ameketi mbele ya runinga iliyozimwa, ushungi umeshuka mpaka kidevuni. Chini ya kiti chake palikuwa na dimbwi la maji.

"Mehnaz?"

"Labeka, mume wangu." Sauti ni ile ile. "Mgeni kashaondoka."

Huu ni mwezi wa tatu. Anapika, anafua, anamtania Zawar kwa kitambi chake. Ushungi hajauvua, hata kitandani. Kila baada ya sala ya magharibi huketi karibu yake na kumwuliza, kwa upole, kama angependa kuchungulia.

Kidogo tu.

Zawar huapa kwamba hatagusa ushungi. Lakini hata kwa Malik aliapa.