Mstari Mwekundu Uliozunguka Nyumba ya Jirani

Kila asubuhi Heulwen Prydderch huamka kabla ya mwanawe. Huwasha jiko, huchemsha chai, kisha hufungua mlango wa mbele kuangalia hali ya hewa. Mara nyingi ni mvua. Katika mji wetu, kaskazini mwa Wales, chini ya mlima uliochimbwa mawe mpaka ukabaki nusu, mvua si habari.

Mwanawe anaitwa Rhodri. Yeye ni dereva wa lori la maziwa. Hunywa chai akiwa amesimama, ufunguo wa lori mkononi, na mama yake humwambia kila siku kwamba viti havikununuliwa vitazamwe.

Nyumba yao ni namba tano. Namba sita, nyumba ya pili yake, ilikuwa ya mzee Alwyn Roderick. Awali zote mbili zilikuwa mali ya kampuni ya machimbo. Kampuni ilipofungwa, wapangaji waliruhusiwa kuzinunua. Emlyn, mume wa Heulwen, na rafiki yake Alwyn walinunua wiki moja, kwa wakili mmoja, wakarudi wakiimba barabarani kama watu waliotoka harusini.

Miaka ilipita. Emlyn akaugua mapafu, kama wachimbaji wengi. Aliposhindwa kupanda ngazi, Alwyn alikuja kila jioni akambeba hadi kitandani. Hakuwahi kuombwa. Emlyn akafariki. Baada ya miaka miwili, Alwyn naye akafariki.

Alwyn aliacha binti mmoja, Manon, anayefanya kazi Cardiff. Manon ndiye aliyekuwa msimamizi wa mirathi. Alitaka kuiuza nyumba ya baba yake, na mnunuzi alipatikana upesi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Jumamosi moja Manon aligonga mlango wa namba tano. Uso wake ulikuwa umekazwa. Tangu utotoni alikuwa akimwita Heulwen shangazi. Siku hiyo alimwita Bi Prydderch.

Alieleza kwamba wakili wa mnunuzi alikwenda kuangalia rejista ya ardhi. Rejista ndiyo kumbukumbu ya serikali inayoonyesha kila nyumba ni ya nani. Kila nyumba ina ramani yake, na mstari mwekundu unaozunguka mahali mali inapoanza na inapoishia. Kwenye ramani ya nyumba ya Alwyn, mstari mwekundu ulizunguka nyumba ya Heulwen. Kwenye ramani ya Heulwen, ulizunguka nyumba ya Alwyn.

Heulwen alidhani hakusikia vizuri. Akaomba aelezwe tena. Manon akarudia, safari hii kwa haraka zaidi. Akauliza kama Heulwen na marehemu mumewe waliwahi kwenda kubadilisha kitu.

Rhodri alikuwa jikoni. Akatoka.

"Unamwita mama yangu mwizi?"

"Sijasema hivyo. Nasema kilichoandikwa. Kwa maandishi, hapa niliposimama ni kwangu."

"Basi ingia. Vyombo havijaoshwa."

"Rhodri," mama yake alisema, "nyamaza."

Lakini maneno yalishatoka. Manon aliondoka bila kuaga. Heulwen alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, chai ikapoa mbele yake. Alikuwa ameishi katika nyumba ile tangu alipoolewa. Rhodri alizaliwa chumba cha juu, na Emlyn alifia chumba hicho hicho. Sasa alikuwa akiambiwa kwamba si yake, na aliyemwambia ni mtoto aliyemlisha kwa mkono wake.

Jumatatu Rhodri aliomba ruhusa kazini, akampeleka mama yake kwa wakili anayeitwa Non Beddoe. Ofisi yake iko juu ya duka la mikate. Wakili Non ni mwanamke wa makamo, na hana haraka ya kusema. Heulwen alimwekea mezani bahasha ya hati za zamani, zenye mihuri. Alikuwa amezihifadhi kabatini miaka yote, chini ya mashuka.

Non alizisoma zote kwa heshima. Kisha akasema kwamba ni vizuri kuzitunza, ila si hizo zinazoamua. Nyumba ikishasajiliwa, kinachoamua ni kile kilichomo kwenye rejista. Akafungua kompyuta yake, akalipia ada ndogo, na baada ya muda mfupi rejista ya namba tano ikawa mbele yao. Mtu yeyote anaweza kufanya hivyo, alisema, na kila mwenye nyumba angefanya vyema kuisoma ya kwake.

"Hii mimi sijawahi kuiona," Heulwen alisema.

"Wengi hawajawahi, mama. Huiona siku ya kuuza, au siku ya msiba."

Kosa la ramani alilielewa mara moja. Siku ile Emlyn na Alwyn waliponunua, wakili wao alituma ramani mbili pamoja, na katika ofisi yake zikabadilishana nafasi. Wakili huyo alishakufa na ofisi yake ilishafungwa. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyekusudia. Kosa lilikaa kimya miaka yote kwa sababu hakuna aliyeangalia. Lingeweza kurekebishwa, mradi pande zote mbili zikubali na kutia sahihi.

"Lakini kuna mambo mengine mawili," Non alisema.

La kwanza lilikuwa anwani. Wakati wa kununua, paa la namba tano lilikuwa likitengenezwa, kwa hiyo Emlyn na Heulwen walikuwa wakilala shambani kwa mama yake Heulwen. Anwani ya shamba ndiyo iliyoandikwa. Shamba lilishauzwa zamani. Kama ofisi ya usajili ingetaka kumwonya Heulwen kwamba mtu anaigusa nyumba yake, barua ingekwenda kwa watu wasiomjua. Non akamwambia inaruhusiwa kuandikisha anwani hadi tatu, na moja inaweza kuwa ya barua pepe. Kubadilisha hakulipiwi.

La pili Non alilisema kwa sauti ya chini. Wenye nyumba walioandikwa walikuwa wawili: Emlyn Prydderch na Heulwen Prydderch.

"Jina la marehemu bado lipo. Tunapeleka cheti cha kifo, linaondolewa. Unabaki wewe."

Heulwen alitazama skrini. Akasema hilo hapana. Ramani wairekebishe, anwani waibadilishe, ila jina la Emlyn liachwe mahali lilipo.

Rhodri alitaka kusema neno, Non akamzuia kwa macho. Kisha akaeleza, taratibu, jinsi wezi wa nyumba wanavyofanya. Hutafuta nyumba ambayo mwenyewe yuko mbali, au amekufa, au nyumba iliyo tupu. Hutengeneza kitambulisho chenye jina la mwenye nyumba na picha ya mtu mwingine. Kisha huenda kukopa kwa dhamana ya nyumba hiyo, au huiuza. Marehemu hawezi kusimama akasema huyu si mimi.

Heulwen alizikusanya hati zake, akazirudisha ndani ya bahasha.

"Nimemzika mara moja," alisema. "Hii ya pili sikuitegemea."

"Najua, mama. Hatukuharakishi."

Waliondoka bila yeye kutia sahihi. Alirudi mwenyewe siku iliyofuata, bila Rhodri, na cheti cha kifo ndani ya mkoba. Alisema alikuwa ameongea na Emlyn, na Non hakuuliza waliongeaje.

Kazi ya kurekebisha ramani ilichukua majira yote ya joto. Manon alikuja kutia sahihi. Yeye na Heulwen walikaa meza moja, wakajibu walichoulizwa, wakaachana mlangoni. Mnunuzi alikuwa amechoka kungoja na amepata nyumba nyingine, na Manon alimwona Heulwen kama ndiye aliyemfukuza. Namba sita ikabaki tupu, mapazia yamefungwa, barua za Alwyn zikirundikana kwenye kibaraza cha vioo ambacho mlango wake haukuwa na kufuli.

Rejista iliporudi imesahihishwa, Non aliwaonyesha hatua mbili za kujilinda.

Ya kwanza ni huduma ya tahadhari. Ni ya bure. Unajiandikisha kwa barua pepe, unataja nyumba, na ombi fulani likiletwa kuhusu nyumba hiyo, unaarifiwa. Akasisitiza kwamba tahadhari haimzuii mwizi. Ni kama mbwa anayebweka: mwenye nyumba lazima ainuke. Ukiarifiwa jambo usilolijua, piga simu siku hiyo hiyo.

Ya pili ni zuio. Unaomba iandikwe kwenye rejista kwamba hakuna uuzaji wala mkopo utakaosajiliwa mpaka wakili athibitishe kwamba anayetia sahihi ndiye mwenye nyumba halisi. Hilo ndilo linaloweka kikwazo.

Heulwen alitaka vyote viwili. Kisha akauliza kama mtu anaweza kuwekea tahadhari nyumba isiyo yake. Non akasema ndiyo, hadi nyumba kumi, hata ya jirani au ya mzazi.

"Basi andika na namba sita."

"Ya yule?" Rhodri aliuliza. "Aliyekuja kutufukuza kwetu?"

"Ya Alwyn," mama yake alisema. "Mtu aliyembeba baba yako."

Rhodri akaandika. Anwani ya barua pepe ilikuwa ya kwake, kwa kuwa mama yake hana simu ya aina hiyo.

Majani yalikuwa yameanza kuanguka tahadhari ilipokuja. Rhodri alikuwa akipakia maziwa. Aliisoma mara mbili, akaegesha lori, akampigia mama yake. Ilisema kuna mkopeshaji aliyeomba nyumba namba sita isiguswe mpaka aandikishe mkopo aliomkopesha mwenye nyumba.

Heulwen alikata simu ya mwanawe, akaitafuta namba ya Manon. Hawakuwa wameongea tangu siku ya sahihi.

"Manon, ni mimi. Je, umekopa kwa nyumba ya baba yako?"

"Nini? Hapana. Kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Basi kuna mtu anakopa. Kaa chini, kisha chukua kalamu."

Akamweleza vile alivyofundishwa. Ampigie wakili wake. Apige simu ofisi ya usajili na kusema ni udanganyifu, kwa maana wana watu wa kushughulikia hilo. Atoe taarifa polisi. Yote leo. Manon aliyaandika yote.

Mkopo ulisimamishwa kabla ya kusajiliwa. Siku mbili baadaye Manon alifika kutoka Cardiff. Alipitiliza mlango wa baba yake, akagonga kwa Heulwen. Alipoketi alieleza kwamba polisi walimwonyesha nakala ya pasipoti iliyotumika. Jina lilikuwa Alwyn Roderick. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa ya baba yake, na hata mji. Picha ilikuwa ya mwanamume asiyemfahamu, mnene, anayetazama kamera bila wasiwasi. Barua za baba yake, zile za kibarazani, ndizo zilizompa mwizi kila alichohitaji.

"Nilikuwa nazipita," alisema. "Nilikuwa siwezi kuzifungua."

Hapo akalia. Rhodri, aliyekuwa amesimama na kikombe chake, aliweka kikombe chini, akavuta kiti, akaketi.

"Shangazi," Manon alisema baadaye, "nilikusema vibaya. Mbona uliendelea kuilinda nyumba yetu?"

Heulwen alimkatia kipande cha mkate wa zabibu, akakipaka siagi.

"Wewe ulikuwa na msiba. Kula."

Mwizi huyo hajakamatwa hadi leo. Nalisema wazi ili msidhani kila jambo huisha vizuri. Lakini nyumba haikupotea. Habari zilipoenea mtaani, watu walianza kupanda ngazi za juu ya duka la mikate. Mimi nilikuwa mmoja wao. Niligundua kwamba jina langu limeandikwa kwa herufi moja yenye makosa, na kwamba miaka kumi na saba nyumba yangu imekuwa ya mtu asiyekuwepo duniani. Sasa imesahihishwa. Sasa, kila nyumba ya mtaa wetu ina tahadhari mbili: ya mwenye nyumba mwenyewe, na ya jirani.

Manon hakuiuza nyumba mwaka huo. Kwanza alitaka iandikwe kwa jina lake, iwe na anwani yake ya Cardiff, barua pepe yake na zuio. Alimwomba Heulwen aende naye kwa wakili Non.

Fomu iliwekwa mezani, pamoja na cheti cha kifo cha Alwyn. Manon alishika kalamu. Akaandika herufi ya kwanza ya jina lake, mkono ukasimama. Non akageuka akatazama dirishani. Heulwen alisogeza kiti chake karibu, bega likagusa bega.

"Andika taratibu," alimwambia. "Mimi nipo."

Manon akamaliza kuandika.