Shati la Muli Kwenye Mzabibu

Kila asubuhi Mbithe alifua nguo nyuma ya nyumba yake, kijijini Kalimoni, chini ya mzabibu. Marehemu mumewe, Muli, ndiye aliyeupanda na kuujengea kichanja cha miti. Tangu azikwe, mwaka 1994, hakuna kisu kilichougusa. Matawi yalisongamana kichanjani kama nywele zisizochanwa. Chini palikuwa giza. Majani yaliota ukungu. Zabibu hakuna.

Shemeji yake, Kiilu, alichungulia, akatema mate.

"Shemeji, hii ni nyumba ya nyoka. Nikirudi Pasaka haujazaa, naung'oa."

"Ndugu yako aliupanda kwa mikono yake."

"Na mimi nitaung'oa kwa yangu."

Mbithe alilia hadi jirani yake, Zainab, akasikia. Zainab alikuwa na mzabibu wake, nao ulizaa sana. Alikuja, akapapasa shina la mzabibu wa Mbithe, akaguna.

"Mama Mwelu, nani alifunga waya huu?"

"Muli. Usiuguse!"

"Aliufunga shina likiwa jembamba. Sasa limenenepa, waya unalinyonga. Unatunza fundo, mti unakufa."

 Mbithe akaleta koleo, akaukata waya mwenyewe.

"Haya," Zainab alisema. "Shina moja lipande wima. Huku juu, chagua matawi mawili yenye nguvu. Moja lielekee huku, jingine kule. Vitawi vilivyoota juu yake, kata kila kimoja ubakize macho mawili, hivi vivimbe. Humo ndimo hutoka chipukizi lenye zabibu. Mengine yote toa."

"Yote? Utabaki uchi!"

"Bora uchi kuliko sanda. Sasa lete kitambaa laini. Funga kwa kulegeza, kidole kipite."

Kitambaa laini kilikuwa kimoja tu: shati la Muli, msumarini. Mbithe alilinusa. Halikuwa na harufu yake tena. Akalichana.

Kesho yake, maji yalidondoka pale walipokata.

"Mama Zaid!" Mbithe alimwita Zainab. "Mzabibu unalia!"

"Ni maji tu. Yataacha. Wewe pia."

Mvua ya vuli iliponyesha, machipukizi yalitoka. Jua lilipenya hadi chini. Vikaja vimaua, kisha vichala.

Pasaka, Kiilu alikuja na jembe. Vichala vyeusi vilining'inia kando ya vipande vya shati. Alilitambua. Akachuma zabibu moja, akaila amesimama.

"Ndugu yangu hakuzionja."

"Hakuzionja," Mbithe alisema. Akaelekeza kidole shinani. "Palilia pale. Polepole, usikate mizizi."

Kiilu akainama.