Joto la Ukuta wa Nyuma

Mabomba ya mvuke yalikuwa uchi. Pamba ya kioo iliyofungwa juzi tu ili joto lisipotee ilikuwa imechanwachanwa na kutupwa sakafuni mwa chumba cha boila.

"Mhalifu ndiye huyu!" Mwenye kiwanda cha sabuni alimnyooshea kidole fundi wa boila, aliyekwisha tiwa pingu. "Jana tulifunga kazi. Kufuli halikuvunjwa, na ufunguo anao yeye peke yake."

Inspekta alijikuna shingo. Tangu asubuhi kola ya shati ilikuwa ikimwasha kama upupu.

"Ufunguo unauweka wapi?"

"Mfukoni mwa ovaroli, afande," fundi alijibu, kichwa juu. "Miaka yote nimemwimbia bosi kwamba tunachoma kuni za bure, tufunge mabomba. Kakubali juzi, leo nibomoe kazi yangu mwenyewe? Nipelekeni mnakotaka. Kukiri sikiri!"

"Jeuri huyo!"

Inspekta alimpuuza bosi. Debe tupu haliachi kuvuma. Valvu za shaba, mali ya kuuzika, hazikuguswa. Tena mabomba yaliyovuliwa ni yale tu yaliyopita kwenye ukuta wa nyuma. Aligusa ukuta. Ulikuwa wa moto.

"Nyuma ya hapa kuna nini?"

Fundi alisita. "Mama mkwe wangu. Ni dobi."

Inspekta alizunguka. Chini ya kibanda cha bati, huku mvua ikimwagika nje, shuka zilikauka kwenye kamba kando ya ukuta. Kati yake aliiona suruali yake ya kazi. Kumbe mkewe huleta nguo huku! Na shati hili linalomwasha, lililoletwa nyumbani alfajiri, limetoka hapa. Alipapasa shuka iliyokunjwa. Vichembe vya kioo vikang'aa vidoleni.

Dobi alikuwa amejaa vipele mikononi mpaka viwikoni.

"Shikamoo, mama. Ovaroli ya mkweo unaifua wewe?"

"Marahaba. Naifua mimi."

"Jana ilikuwa na ufunguo mfukoni."

"Ulikuwemo." Hakupepesa jicho. "Nimeibandua ile pamba mimi, na sijutii!"

"Kwa nini?"

"Joto lao limemwagika hapa miaka nenda rudi, hakuna aliyeliita mali. Nimelikaushia nguo za watu, nikalea wanangu, mjane mimi. Juzi wamegundua lina thamani, wakalifunga bila hata kubisha hodi. Na masika haya, nani atapokea nguo mbichi?"

"Joto ni langu!" bosi, aliyemfuata inspekta, alifoka.

"Ulipokuwa ukilitupa lilikuwa la nani?"

Bosi alimgeukia inspekta.

Fundi, aliyeletwa na askari, alilengwa na machozi. "Mama, wazo lilikuwa langu. Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungechagua nini? Kazi yako au mimi? Sikutaka uchague."

Sheria ni msumeno. Inspekta aliona aibu, lakini akatoa pingu.

"Mfungue mkwe wangu kwanza," dobi alisema, akinyoosha mikono yake yenye vipele. "Kisha nifunge mimi. Na wakiirudisha pamba yao, mwanangu, nikitoka nitaibandua tena."