Bei Iliyomsahau Ndugu

Fundi alikuwa anakunywa chai simu ilipoita. Kazi yake ni kuvuta waya za mtandao kwenye maduka na ofisi ndogo. Aliyepiga alikuwa mwenye duka la vipuri.

"Kompyuta ziko ngapi?" Fundi aliuliza.

"Tano."

Fundi akataja bei pale pale, kikombe mkononi. Ukuta hajauona, dari hajaiona. Jamani! Hata muuza viatu huuliza mguu kwanza.

Kazini mambo yakawa mengine. Fundi alipima duka kwa hatua zake, akanunua waya. Kumbe kuta zilikuwa za zege. Ncha za mashine ya kutoboa zikavunjika. Waya nao ukaisha kabla ya kufika kaunta, akanunua mwingine kwa pesa yake. Mdogo wake, aliyekuwa akifanya naye kazi, alishinda darini akila vumbi. Mwenye duka akalipa bei ile ile aliyotajiwa. Angelipa zaidi kwa nini?

Walipokuwa wakirudi nyumbani, mdogo wake alisema, "Kaka, mwezi huu ndio wa mwisho. Natafuta kazi kwingine."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Lakini kila siku unasema tutagawana kitakachobaki, na hakibaki kitu. Watoto wangu hawali maneno, kaka."

Baba yao alipofariki, Fundi ndiye aliyemlea huyu. Leo anamwona anaondoka, na hana cha kumzuilia. Roho ilimuuma sana.

Jirani yao alikuwa mama mmoja mtu mzima. Watu walimwita Mama Simu, maana alifunga waya za simu mpaka alipostaafu. Fundi akaenda kwake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

Fundi akaeleza yote. Mama Simu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ulipima kwa hatua," alisema. "Kwani waya wako unapita sakafuni?"

"Hapana. Unapanda ukutani, unapita darini, kisha unashuka."

"Huko kupanda na kushuka ulikuhesabu?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Na mdogo wako ulimweka wapi kwenye bei?"

"Yule ni ndugu yangu, Mama."

"Kwani ndugu hali? Undugu ni kufaana, si kufanana. Wewe umemfaa nini?"

Maneno hayo yalimchoma. Mama Simu akaona, akapunguza ukali.

"Sikiliza, mwanangu. Usitaje bei kwa simu. Nenda ukaone. Pima njia yote ya waya kwa futi ya kupimia, na uongeze kidogo, maana waya hukatwa na kupinda. Gonga ukuta, ujue ni zege au mbao. Kisha andika vifaa, nauli, siku za kazi, ujira wako na ujira wa msaidizi. Muda wa kujaribu kila waya nao ni kazi. Weka na akiba ya kitu kikiharibika. Faida inakuja juu ya hayo yote. Na pesa ya vifaa ichukue kabla hujaanza."

"Wateja watanikimbia, Mama."

"Wengine watakimbia. Aliyebaki akitaka upunguze bei, mpunguzie kazi. Usijipunguze wewe."

Wiki iliyofuata aliitwa na mwenye duka la dawa. Safari hii Fundi alimjibu, "Nitakuja kuona kwanza." Alimwomba mdogo wake amsindikize. Walipima na kugonga kuta. Kesho yake walirudi na bei kwenye karatasi. Mdogo wake alikuwa bado hajaisoma.

Mwenye duka alishtuka. "Mbona ghali hivi?"

"Tunaweza kupunguza," Fundi alijibu. "Kompyuta ya stoo mnaitumia sana?"

"Mara chache."

"Basi tuiache kwa sasa. Waya utapungua, na bei itashuka."

Mwenye duka akaendelea kusoma. "Na huu ujira wa msaidizi? Msaidizi si ndiye huyu mdogo wako? Mtoe huyu, tumalizane."

Mdogo wake akatazama chini. Alishazoea kutolewa.

"Ni mdogo wangu," Fundi alisema, "ndiyo maana simtoi. Bila yeye sifanyi kazi hii."

Mwenye duka aliitazama tena karatasi, kisha akafungua droo, akatoa pesa ya vifaa.

Kazi ilikwenda vizuri. Waya ulitosha, na kila kompyuta ikashika mtandao. Fundi alipolipwa, alimpa mdogo wake ujira wake kwanza, hapo hapo nje ya duka. Mdogo wake akaupokea kwa mikono miwili. Machozi yalimlengalenga.

Walianza kurudi nyumbani.

"Kaka," mdogo wake akasema, "ile shule iliyopiga simu jana, nani anakwenda kupima?"

"Nitakwenda mimi."

"Wewe pumzika. Nipe hiyo futi, nitakwenda mimi."