Pazia la Bandera

Upindo wa pazia ulikuwa umelowa, na mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima.

Mwamvua, nesi wa wodi ya wanawake katika hospitali ya wagonjwa wa akili, aliukamua kwa vidole akanusa. Ulinuka jiwe la pangoni, ule unyevunyevu wenye mavi ya popo. Alifikiri mfagiaji amemwaga maji. Akaenda kumchana mgonjwa wake Kazija, maana leo Kazija alikuwa na mtihani, na Mwamvua hakutaka afike mbele ya daktari na nywele timtim.

Daktari mwenyewe, Abrahman, alikuwa amerudi masomoni na suruali zenye mstari wa pasi na dharau ya kutosha kisiwa kizima. Alikuwa akifanya utafiti. Alitaka kuonesha kwamba watu wanaosikia sauti zisizo na mwenyewe wana akili nzito, hawakumbuki upesi wala hawajibu upesi. Mgonjwa alikaa mbele ya pazia la bandera, kile kitambaa chekundu cha pamba. Yeye alikaa nyuma ya pazia na saa, akaita jina, akapima mgonjwa amechelewa kiasi gani kuitika. Wengi hawakuitika kabisa. Unguja mtoto hufundishwa mapema kwamba sauti usiyemwona mwenyewe haiitikiwi. Utoke kwanza, umtazame uso. Abrahman alizaliwa hapo hapo mjini na alifundishwa hivyo hivyo. Aliandika tu: akili imekufa. Na kila alipokaa alikifuta kiti kwa leso, kana kwamba wazimu unaganda kwenye mbao.

Mwaka huo, 1971, nguo zilikuwa adimu madukani, na Kazija alijua pazia lilikotoka. Alimsikia daktari akimwambia Masoud, mtoa dawa.

"Nimeipata bure Mangapwani. Wamemtundikia shetani wao pangoni. Bandera mpya kabisa. Shetani dirisha hana, mimi nnalo."

Walicheka na Kazija amekaa pale pale. Mbele ya mgonjwa wa akili watu husema lolote, kama mbele ya kabati. Hakumwambia mtu. Nani angemsadiki?

Kazija aliugua baada ya kujifungua. Sauti zilimwambia usiku na mchana kwamba mtoto si wake. Sasa dawa zilikuwa zimemkaa na sauti zimefifia, na alitaka kitu kimoja: kurudi mtaani kwao Ng'ambo kwa mwanawe, aliyeanza kutembea mikononi mwa dada yake, Wanu. Ruhusa ilikuwa kwa Abrahman.

"Mwanao anaitwa nani?" daktari aliuliza, amesimama kando ya pazia.

"Msabah."

"Wamkumbuka kweli?"

"Mtu humsahau mwanawe, daktari?"

"Nyinyi mnasahau hata kula."

Pazia likatikisika kidogo, na upepo haukuwapo. Abrahman akaingia nyuma yake.

"Kazija."

Kazija akalitazama pazia.

"Kazija."

"Itika, mwanangu," Mwamvua alinong'ona. "Ni yeye tu. Itika uende zako kwenu."

Kazija alifungua mdomo. Hapo wakasikia mtu akifoka uani, wakatazama dirishani, na aliyekuwa akimfokea mpishi kwa chai iliyopoa alikuwa Abrahman, ambaye lazima alitokea mlango wa nyuma, na wakati bado wanamtazama amenyoosha kidole puani mwa mpishi, sauti yake ile ile, kavu, ikaita nyuma ya pazia, taratibu, kama mtu anayeonja jina kwa ncha ya ulimi: "Kazija."

Wakashikana mikono.

"Bi Mwamvua, nawe umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Basi hii si yangu. Zangu hutoka ndani ya sikio, na hazinuki."

Abrahman alirudi akawakuta hivyo.

"Mmeona shetani?"

"Abrahman," pazia likaita, kwa sauti yake mwenyewe.

Rangi ilimtoka. Kazija, ambaye hakuwahi kupata kwake hata neno moja jema, alimwonea huruma. "Usiitike, daktari. Nakuomba."

Daktari alimtazama kama alivyokuwa akikitazama kile kiti. Atafundishwa na mwendawazimu?

"Naam," akasema kwa kejeli, akalifunua pazia.

Hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa kimelowa chapachapa. Alipogeuka, uso wake ulikuwa mtupu kama sahani iliyooshwa.

Tangu hapo hakuwa na neno jingine. Masoud alimuuliza kama anaumwa. Naam. Kama ni mzima. Naam. Mwamvua hakuona haya hata kidogo. Alileta karatasi.

"Daktari, Kazija aende kwao?"

"Naam."

"Tia saini hapa."

"Naam." Akatia.

Alasiri akapewa kitanda wodi ya wanaume, na Masoud, rafiki yake, akamwandikia: akili nzito. Pazia Mwamvua alilichopoa kwa fimbo, akampa mzee Kificho, dobi wa hospitali, akalichome moto.

Kesho yake Wanu alimchukua mdogo wake. Alikuwa amempikia wali wa nazi na kumwekea maji ya moto ya kuoga.

"Mwanao ana adabu, nshamfunza," alisema. "Msabah."

"Naam," mtoto akaitika, akapiga makofi.

Kazija alicheka mpaka akalia, akamkumbatia, akamwachia acheze. Kisha akauona mlango wa chumbani.

"Dada, hilo pazia umelitoa wapi?"

"Kanipa mzee Kificho jana, nilipokuletea nguo. Alitumwa alichome, moyo ukamkataa, na watu hawana nguo. Kalifua mwenyewe. Mtu mwema yule."

Kazija alishika upindo nao umelowa, na ile harufu ya pangoni ikampanda puani, akageuka kumtafuta mwanawe, lakini Msabah alikuwa ameshafika pale kwa miguu yake mibichi, ameshika bandera kwa viganja viwili na anaichezea, na nyuma ya pazia, mchana kweupe, katika chumba kisicho na mtu, ile sauti kavu aliyoiacha wodini ikaita taratibu: "Msabah," na mtoto akainua uso, akamcheka mama yake kwa furaha ya kumwonesha alichofunzwa, na mkono wa Kazija ulifika mdomoni mwa mtoto neno limeshatoka.