Swali Aliloliruka Josiane

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Josiane alimlaza bibi yake chali kitandani na kumtia tone la dawa katika kila jicho. Bibi Niragira alinung'unika kwa Kirundi kuwa mjukuu wake anammwagia kisima kizima, wakacheka wote wawili. Kiswahili kilimpiga chenga bibi huyo, hivyo popote alipokwenda, sokoni au hospitalini, Josiane ndiye aliyemsemea. Na msemaji huyo, tuseme kweli, alikuwa na haraka kupita kiasi.

Wiki moja bibi alianza kukohoa. Pumu yake ya tangu ujana, iliyokuwa imelala muda mrefu, ikaamka. Siku moja Josiane alitoka shuleni akamkuta ameinama mlangoni, mabega yakipanda na kushuka, maneno yakimtoka moja moja. Baba yake, Manirakiza, aliomba gari la jirani, wakatoka kijijini kwao Nemba mbio hadi hospitali ya Biharamulo.

"Shikamoo, tabibu. Bibi hapumui vizuri!" alisema Josiane.

"Marahaba. Mketisheni hapa."

Tabibu Agness alimvisha bibi barakoa ya mashine ya mvuke. Mashine ikaunguruma, mvuke mweupe ukatoka. Ulipokwisha akarudia tena. Bibi bado alihema kama mtu aliyepanda mlima na gunia la maharage kichwani.

"Ajabu. Dawa hii ya kufungua kifua huwa haichelewi," alisema tabibu. "Kuna dawa nyingine anayotumia?"

"Hakuna," alijibu baba. "Hamezi chochote."

Josiane alimtazama bibi. Kweli, bibi hamezi. Lakini matone je? Akakumbuka siku ile, wiki chache nyuma, walipopewa matone hayo kliniki ya macho. Muuguzi aliuliza kama bibi ana pumu. Foleni ilikuwa imemchosha Josiane, na gulio lilikuwa karibu kufungwa. Hakumgeukia bibi kumuuliza, alijibu tu, "Hana." Akisema sasa, baba atajua. Aliona aibu, lakini bibi ndiye aliyekuwa akikosa hewa, na midomo yake ilianza kubadilika rangi.

"Tabibu, huwa namtia matone ya presha ya macho," alisema, machozi yakimlengalenga. "Muuguzi aliniuliza kama ana pumu. Nikasema hana. Sikumuuliza bibi."

Baba alimkazia macho. Tabibu Agness hakuwa na muda wa kukaripia. Alikipokea kichupa ambacho Josiane alikifungua kutoka pindo la kitenge cha bibi, akasoma jina.

"Ndiyo maana! Matone haya hubana kifua cha mwenye pumu, tena huizuia dawa niliyompa isifanye kazi. Tutaongeza nyingine inayofungua kifua kwa njia tofauti. Lakini hiyo ikiingia kwenye macho yenye presha huweza kuyadhuru, kwa hiyo tunatoa barakoa. Atavuta mvuke kwa mrija wa mdomoni."

Taratibu mabega ya bibi yakatulia. Kabla ya magharibi aliomba uji, kisha akalalamika kuwa hauna sukari. Baba akacheka huku akifuta macho.

"Sikiliza, mwanangu," Tabibu Agness alimwambia Josiane. "Anayemsemea mgonjwa hajibu kwa kukisia. Anauliza, anasubiri, ndipo anasema. Uongo wako mdogo ulitaka kutuondolea bibi. Ukweli wako, hata kwa kuchelewa, ndio ulionionyesha dawa ya kuchagua. Haya, mweleze bibi yote niliyosema. Usiruke neno."

Josiane akaeleza kwa Kirundi kwamba matone yale yamesimamishwa, na kliniki ya macho itampa mengine. Alipofika kwenye kosa lake, akamtazama bibi usoni. Akavuta pumzi, akalisema lote.

Bibi akamshika mkono.

"Mwulize tabibu," alisema polepole, "hayo matone mengine hayatanibana kifua?"

Kumbe bado anamwamini amsemee! Josiane alikuwa na jibu tayari kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza, akamgeukia tabibu, akauliza.